Kikompyuta Kibovu cha Mwalimu Karugendo

Siku ya kusomwa wosia Joviana alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa kutokea jikoni, ili akitaka kuondoka aondoke bila kuruka miguu ya watu. Nyumba ya baba yake pale Nshamba ilikuwa imefurika. Mashangazi, wajomba, wanakwaya, walimu wastaafu, hata watu wa Kagoma ambao hakuna aliyejua vizuri walihusikaje na marehemu. Avit, kaka yake mkubwa, alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti cha mzee kama mrithi, amevaa koti la mzee ambalo mikono yake ilimfika vidoleni. Baba yao mdogo, mzee Rutaihwa, akavaa miwani, akakohoa watu wanyamaze, akafungua karatasi ambayo Mwalimu Karugendo alimwandikisha akiwa kitandani hospitali, mkono wake wa kuume umeshakufa ganzi.

Sasa sikiliza marehemu alivyogawa. Kila mtu alipewa kitu, na juu ya kitu akapewa neno. Avit alipewa kibanja, migomba na kahawa na makaburi yaliyomo, na neno: moyo wangu umetulia juu yako. Annastella, mdogo wao wa mwisho, alipewa kiwanja cha kule barabarani, na neno: umenitunza kama mama yako alivyonitunza. Jirani mmoja akapewa baiskeli na asante ndefu ya mistari minne. Baiskeli yenyewe haina hata breki, jamani, lakini mtu alilia.

"Joviana," akasoma mzee Rutaihwa, "apewe kile kikompyuta changu kidogo. Kibovu."

Akageuza karatasi kutazama nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Mtu mmoja dirishani akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Ndiyo hivyo tu, baba?" Joviana akauliza.

"Ndiyo hivyo tu, mwanangu. Ndivyo alivyosema, nami nikaandika."

Ungemwuliza Joviana, angekwambia hakutaka kitu chochote cha baba yake, si kibanja wala baiskeli. Kwenye kibanja alisema kweli. Lakini alitaka neno. Hata moja. Hata la kukaripia angelipokea kwa mikono miwili, maana anayekukaripia amekukumbuka. Akapewa kibovu.

Na huyu si mtu aliyetupa wazazi, tuelewane. Miaka tisa nyuma Joviana alikuwa mlelewa kwenye nyumba ya watawa, mwaka wake wa nne, na Mwalimu Karugendo, aliyekuwa katekista na mwalimu wa kwaya, alishaanza kujitambulisha kama baba wa sista. Kisha Joviana akaona si wito wake, akasema ukweli, akafunga sanduku, akarudi nyumbani. Alimkuta baba yake uani amekaa, alasiri, anachambua kahawa. Mama alikuwa ameshafariki. Joviana akaweka sanduku chini, akapiga magoti kama mtoto wa Kihaya anavyompigia mkubwa wake, akamsalimia: umeshindaje, Tata?

Kwetu mdogo ndiye anayeanza. Mkubwa hatangulii kumsalimia mdogo, kazi yake ni kuitikia, na akishaitikia ndipo unainuka, mambo mengine yanafuata. Mwalimu Karugendo hakuitikia. Aliendelea kuchambua kahawa, mbovu huku, nzima huku. Joviana akakaa magotini mpaka mchanga ukamwingia kwenye ngozi. Halafu akainuka mwenyewe, akabeba sanduku, akatembea mpaka barabarani, akapanda gari la kwanza la Bukoba. Tangu siku hiyo salamu yake ilikuwa haijajibiwa. Yeye alisema: nilishasalimia, zamu si yangu. Na baba yake, kama mkubwa, hakuwa na pa kuanzia. Simu walikuwa nazo wote wawili, na namba wote wawili. Miaka tisa! Watu wenye akili zao kabisa.

Basi alikichukua kikompyuta. Kilikuwa kidogo cha kutosha kwenye mkoba wa kanisani, cheusi, cha zamani, cha aina ile iliyokuwa fasheni alipokuwa sekondari. Parokia ndiyo iliyompa mzee alipostaafu. Avit akamsindikiza mpaka barabarani.

"Dada, usikasirike," akasema. "Siku zile hakuwa sawa. Alianguka pale mezani, tarehe kumi Machi asubuhi, sisi tukadhani amesinzia. Tulivyokuwa tunambeba tukakanyaga nyaya, hicho kitu kikadondoka nusu. Labda ndipo kilipoharibikia."

"Na mimi mlinipigia tarehe ngapi?"

Avit akatazama mikono ya koti. "Tulidhani hutakuja."

Hilo nalo akalibeba mpaka Bukoba.

Joviana alikaa mtaa wa Bakoba, chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha moja, na kazi yake ilikuwa kwenye kibanda cha steshenari hatua mia mbili kutoka hapo: fotokopi, kuchapa, picha za pasipoti, na ufundi wa kompyuta. Ufundi ndio uliompa jina. Mashine ambazo mafundi wengine walizikatia tamaa, zile nzito, za shule na za parokia, yeye alizipiga Linux, ule mfumo mwepesi wa bure wa kuendeshea kompyuta, zikaamka. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mfupi. Wateja walimpenda, walimlipa, walikwenda zao. Jioni alipika ndizi, na kila siku alikosea kipimo akapika za watu wawili, kisha akala kiporo asubuhi. Alikuwa mpweke, na alijua kuwa ni mpweke, na alikuwa amechoka kulijua hilo.

Jumapili ile baada ya misa aliweka kikompyuta mezani, akakichomeka kwenye umeme, maana betri yake haikushika chaji hata kidogo, akakiwasha. Kioo kikawa cheusi, kikatoa mistari miwili ya herufi nyeupe: mfumo wa mafaili haujulikani, okoa. Basi. Ukibonyeza kitu kinarudia yaleyale.

Joviana akacheka kwa hasira. Hii haikuwa mashine iliyodondoka tu. Huu ni ugonjwa aliouona mara nyingi: mtu ameanza kupiga Linux, akaiacha katikati. Fundi mmoja wa Nshamba, anayejiita fundi kwa kuwa ana bisibisi, amempotezea mzee mashine yake.

"Mjinga," akamwambia fundi huyo asiyemjua. "Umeacha kazi katikati ukaenda wapi? Kunywa rubisi?"

Akakigeuza chini. Skrubu saba zilikuwa za kiwandani na ya nane ilikuwa skrubu ya bawaba ya mlango, imelazimishwa mpaka plastiki ikapasuka. Lo! Alisimama kabisa. Mtu mzima anatia skrubu ya mlango kwenye kompyuta? Akamtukana tena yule fundi, safari hii kwa Kihaya, ambacho kwa matusi kina nafasi zaidi.

Uamuzi akaufanya hapohapo. Atakifuta chote. Atapiga Linux mpya, safi, na cha mzee kisibaki humo hata herufi moja. Akishamaliza atakipeleka shule yoyote watoto wakajifunzie kuandika. Alipewa kibovu, atakifanya kizima, na hapo watakuwa wamemalizana.

Sasa fundi yeyote atauliza: kwa nini asichomoe diski kwanza, akaichomeka kwenye mashine nyingine, akatazama kilichomo? Ni kazi ya dakika kumi. Joviana aliifanya kwa wateja kila wiki. Lakini hakutaka, na sababu aliijua ingawa aliizungukia kwa mbali. Akitazama akakuta nyimbo za Kwaresima na orodha za ubatizo, na jina lake halimo popote, basi hiyo itakuwa mara ya pili kupiga magoti mbele ya mtu asiyeitika. Afadhali kufuta bila kuangalia.

Jumatatu akaenda nacho kibandani, akachomeka flashi yake ya kazi. Kikompyuta kikaisoma, kikafikiri, kikakataa: flashi inataka prosesa ya biti sitini na nne, mimi ni wa biti thelathini na mbili. Joviana akajipiga paji la uso. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Yeye mwenyewe huwafundisha walimu wa shule: kabla ya yote, uliza umri wa mashine. Hasira ndiyo iliyomtangulia.

Linux za biti thelathini na mbili siku hizi wanaotengeneza ni wachache. Akaipata moja nyepesi, akaanza kuipakua, na mtandao wa wiki hiyo ulikuwa wa kubembelezwa. Ikafika asilimia arobaini, ikakatika. Akaanza upya. Jumanne nzima alitazama mstari ule ukitambaa, huku anapunguza foleni ya fotokopi, na kila alipokiwasha kikompyuta kujaribu hili na lile aliona saa yake imerudi tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili na tisa. Betri ndogo ya ndani, ile inayokumbuka muda, ilikuwa imekufa. Ukichomoa waya kinasahau miaka yote.

"Afadhali wewe," Joviana akakiambia.

Jumatano upakuaji ukaisha. Akaiandika Linux kwenye flashi, akahakiki, akachomeka. Herufi zikakimbia kiooni, moyo ukampanda, halafu giza. Si giza la kuzima, ni giza la kuwaka bila kuonyesha. Akajaribu tena, giza. Mara ya tatu akakumbuka dawa yake: kabla haijaanza unaingia kwenye mstari wa amri, unaongeza neno moja la kuiambia isichezee kadi ya picha. Akaongeza. Likatokea dirisha, na picha ya milima, na kialama cha panya katikati kinatembea kwa kusitasita, kwa sababu memori ilikuwa gigabaiti moja tu, maskini.

Limi alimkuta hapo. Limi alikuwa jirani yake wa mlango wa pili, Msukuma, mfanyabiashara wa dagaa wa visiwani. Mumewe Masalu alikuwa kisiwani upande wa Muleba, anarudi mara moja kwa miezi miwili ukiwa na bahati.

"Fundi," Limi akasema, akiweka kifuko cha dagaa juu ya kaunta, "wiki nzima uko na hicho kidude. Kimekukosea nini?"

"Cha baba."

"Aa! Pole. Kina picha zake?"

"Sijui. Nakifuta."

Limi akamtazama kama mtu anayetazama mizani asiyoiamini. "Unafuta kitu cha baba yako bila kukiangalia? We dada una moyo! Mimi Masalu asipopiga siku tatu narudia kusikiliza sauti zake za WhatsApp, hata ile ya kuniuliza bei ya chumvi."

"Masalu wako anakupenda."

"Na wako hakukupenda?"

Joviana akamhesabia Limi chenji yake ya fotokopi ya juzi, akashukuru kwa dagaa, akajifanya ana kazi. Limi akaondoka polepole, maana hakuwa mtu wa kusukuma jambo, na Joviana akatamani angelisukuma.

Alhamisi na Ijumaa shule mbili zilileta mitihani ya kuchapa, hakupata nafasi. Jumamosi alifungua kikompyuta tumboni, akabadilisha ile betri ndogo ya saa. Skrubu ya mlango ilimpa taabu, ilibidi aitoe kwa koleo. Chini yake, kwenye plastiki, akaona mikwaruzo mingi midogo, kama ya kisu cha mezani, imezunguka ukingo wote wa kifuniko. Mtu alikuwa ametafuta kwa muda mrefu pa kufungulia. Akamcheka fundi huyo, lakini kicheko hakikutoka vizuri. Fundi mzembe hachokonoi kwa kisu mara thelathini. Fundi mzembe huvunja.

Jumapili ikarudi. Alitoka misa ya kwanza, akafunga mlango wa chumba, akakaa. Nje uani watu walikuwa wanarudi kutoka kanisani na kusalimiana kwa zile salamu ndefu za Jumapili, nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, na wengine wakiitikia mpaka mwisho. Alikiwasha. Tarehe ikawa sahihi. Giza halikuja. Akabonyeza kitufe cha kupiga Linux, akachagua lugha, akachagua saa za Afrika Mashariki, akafika pale mahali penye swali lenyewe: futa diski yote?

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ila mashine, kabla haijafuta, inakuonyesha ramani ya diski, kipande kwa kipande, ujue unachokipoteza. Na Joviana, kwa mazoea ya kazi, akaisoma.

Kulikuwa na vipande viwili. Kimoja kikubwa sana, cha zamani, chenye Windows ya mzee. Kingine kidogo, kimekatwa pembezoni, ndicho kilichopigwa Linux iliyoachwa katikati. Akakunja uso. Mafundi wa haraka hawakati hivyo. Wao wanafuta yote, hawana muda wa mambo ya mtu. Huyu alikuwa amechagua njia ndefu, ya kuuliza maswali kumi, ili kile kipande kikubwa kisiguswe. Alikuwa hajui kazi, sawa. Lakini kulikuwa na kitu humo alichokuwa anakilinda.

Joviana akasema kwa sauti, "Usijipe moyo, Joviana." Akafuta hatua, akarudi kwenye picha ya milima, akafungua kipande kikubwa kwa kusoma tu.

Yalikuwamo aliyoyategemea. Nyimbo za Kwaresima. Majina ya ubatizo. Ratiba za kwaya za miaka saba, kila sauti na watu wake. Akateremka, akiona aibu kwa kuwa alikuwa ametumaini. Mwishoni kabisa kulikuwa na faili moja peke yake, nje ya makabrasha, limeandikwa kwa herufi kubwa, kama mwalimu anavyoandika ubaoni: MASWALI YA KUMUULIZA JOVIANA.

Hakufungua. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akaketi. Halafu akafungua.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa Kihaya, na kwa Kiswahili ni hivi: Nimeshinda salama, mwanangu. Wewe umeshindaje?

Ndiyo. Alikuwa ameitikia. Hakuna maelezo, hakuna samahani, hakuna mimi baba yako nimekaa nikafikiri. Aliitikia ile salamu ya uani, kana kwamba Joviana yuko bado magotini na kahawa bado iko kwenye ungo, akaongeza na swali la kurudisha, kama inavyotakiwa. Joviana akaweka mkono mdomoni.

Yaliyofuata yalikuwa ya Kiswahili cha darasani, kila sehemu na tarehe yake, na mzee akaeleza mwenyewe: saa ya mashine hii inadanganya, kwa hiyo tarehe naandika kwa mkono.

*Tarehe 2 Februari. Mwalimu Saburi wa sekondari ameniambia kompyuta zao zilizokufa zimefufuliwa na binti mmoja wa Bukoba, kwa kitu kinaitwa Linux. Anasema ni fundi kuliko wanaume wote wa mjini. Nikamwuliza jina, akalitaja. Sikumwambia kuwa ni wangu. Nilipofika nyumbani nikampigia Saburi simu nikamwambia.*

*Swali la 1. Hiyo Linux ni kitu gani, na mzee wa miaka sabini na mbili anaweza kuijua?*

*Tarehe 11 Februari. Saburi amenipa flashi. Mashine imeikataa, inasema habari za 64. Swali la 4. Hii yangu ni ngapi, na imeandikwa wapi?*

*Tarehe 19 Februari. Nimefungua chini kutafuta betri ya saa. Nimetumia kisu cha mkate. Sijaiona betri, na skrubu moja imepotelea chini ya kabati, nimetia ya mlango wa stoo. Swali la 6. Je, ina madhara?*

Joviana akaitazama ile skrubu ya bawaba pale mezani, karibu na koleo. Akaichukua, akaifumbata kwenye kiganja.

*Tarehe 3 Machi. Flashi ya pili imewaka lakini kioo ni giza. Saburi anasema kuna neno la kuongeza, atalitafuta. Swali la 9. Neno hilo ni lipi?*

*Tarehe 9 Machi. Neno limepatikana. Kesho asubuhi, Mungu akipenda, napiga Linux. Nitakata kipande kidogo tu ili maswali haya yasifutike. Ikikubali, nitakwenda Bukoba kumwonyesha. Ikikataa, ni vizuri zaidi. Simpi mtu wa hapa aitengeneze. Itakwenda kwa fundi wake ikiwa mbovu hivyohivyo, na mimi nitaisindikiza. Mtu hawezi kumwendea mtoto wake hivihivi na kuanza kumsalimia, lakini kwa fundi kila mtu anakwenda, hata mkubwa, akiwa na kibovu chake.*

*Swali la 11. Nikija, utanipokea?*

Hapo ndipo ilipoishia. Tarehe kumi Machi, asubuhi, mezani. Fundi aliyeacha kazi katikati. Mjinga, alimwita, umekwenda wapi, kunywa rubisi? Siku nane alimtukana, kwa Kiswahili na kwa Kihaya. Na ile siku ya kuandikisha wosia, mzee mkono umekufa, ulimi mzito, kwa Joviana alichagua neno lake akalisema likasomwa mbele ya ukoo mzima, na Joviana akalisikia kama tusi. Kibovu.

Alilia. Sitapamba. Alilia kwa sauti, uso juu ya meza, mpaka uani salamu zikanyamaza na Limi akaja akagonga mlango, akauliza, "Dada, kuna nini?" Joviana akashindwa kusema kuna nini. Akasema, "Ameitikia," na Limi hakuelewa, lakini alikaa kizingitini kwa nje, akasubiri.

Baadaye Joviana akajifuta uso kwa khanga, akafanya kazi. Hakufuta kitu. Akaingia kwenye kile kipande kidogo alichokikata baba yake, akaendelea pale alipoishia, hatua kwa hatua, na kila swali la mashine akalijibu taratibu kama anayemwelekeza mtu aliyekaa karibu. Ilichukua saa mbili na robo. Kikauliza jina la mtumiaji. Akaandika karugendo. Kikajizima, kikajiwasha, na safari hii hakikuomba kuokolewa. Kikawaka.

Akafungua tena lile faili. Kwanza alitoka kwenye kiti, akapiga magoti pale sakafuni, mbele ya kikompyuta, akamjibu baba yake kwa Kihaya, kwa sauti, kwamba ameshinda salama. Haikuwa kweli, lakini ndivyo mtu anavyojibu. Kisha akasubiri kidogo kabla ya kuinuka.

Halafu akaketi, akaanza kujibu maswali, kila jibu chini ya swali lake. *La 1: Unaweza, Tata. Umeweza. La 4: Ni 32, hata mimi nilikosea. La 6: Haina madhara, nimeirudisha palepale.* Akaenda hivyo mpaka la tisa, akaenda mpaka la kumi. Limi alikuwa ameshaingia ndani na kubandika chai, na ndizi alizomenya zilikuwa za watu wawili, na hazikuzidi.

Kwenye swali la kumi na moja alikaa mpaka chai ikapoa. Akaandika, akafuta, akaandika tena, na aliyoyaacha ni haya: *Ningekupokea, Tata. Ungekuja tu, hata bila kibovu.*